Akiba ya kwanza iende jikoni

Ingia duka lolote la mtaani hapa Mombasa, Kisauni, Likoni au Mikindani, baada ya magharibi, usikilize tunavyonunua. Mafuta ya kupikia ya shilingi 20. Sukari robo. Majani ya chai ya shilingi 10, sabuni kipande, makaa mkebe mmoja. Ni watu wazima waliotoka kazini, wengine wako mbioni tangu alfajiri, na kesho wakati kama huu watakuwa hapo hapo wakiagiza vile vile. Sioni anayefuja pesa katika foleni hiyo. Ukimwambia mmoja wao apunguze matumizi ndipo atajirike, ana haki ya kukuuliza apunguze lipi.

Nimeanzia dukani kwa sababu nasaha nyingi za kujenga mali kwa kubana matumizi huanzia kwingine kabisa. Humwambia mtu aache kula hotelini, asibadilishe simu kila mwaka, atumie gari dogo. Hayo yanamfaa mwenye navyo. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Mombasa, kwa agizo lililoanza Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kabla ya marupurupu ya nyumba, na si kila mwajiri anayekitimiza. Kodi, nauli, chakula na karo vikishapita, anasa ya kukatwa haionekani. Mtu wa aina hiyo tayari amejinyima miaka nenda miaka rudi, na mali haijaja.

Hata hivyo siamini kwamba hana la kufanya. Naamini analo kubwa, ila mpangilio wake ni tofauti na ule unaohubiriwa. Elfu mbili tatu za kwanza atakazoziokoa zisikimbilie benki. Ziende zikamwondoe katika ununuzi wa kadogo, yaani wa vipimo vidogo vidogo, na mkopo wa kila siku, kwa kuwa huko ndiko pesa zake zinakovuja kwa kasi ambayo hakuna faida ya benki inayoweza kuifidia. Jikoni kwanza, Sacco (chama cha akiba na mikopo) baadaye, nyumba na ardhi mwisho tena kwa tahadhari kubwa. Huo ndio msimamo wangu, na nitaueleza kwa tarakimu pale tarakimu zilipo.

Chukua jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, la kutoa pesa kwa wakala. Kwa viwango vya M-Pesa vya tangu 2023, kutoa shilingi 500 kunagharimu shilingi 29. Kutoa shilingi 2,500 kunagharimu hizo hizo 29. Anayetoa mia tano mara tano kwa wiki amelipa 145 ili apate kiasi kile kile ambacho jirani yake amekilipia 29. Tofauti ya shilingi 116 kwa wiki, ukiifuata mwaka mzima, inapita elfu sita. Hakuna aliyekula wala kuvaa chochote kwa pesa hizo. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye gogo hakumbuki kuona shoka.

Dukani mambo ni yale yale, isipokuwa hakuna anayekutumia ujumbe wa kukuonyesha ada uliyokatwa. Mafuta ya mtungi wa lita 20 yanapogawanywa kwa vipimo vya shilingi ishirini ishirini, kila kipimo hubeba faida yake, pamoja na karatasi ya kufungia, pamoja na kile kinachomwagika. Simlaumu mwenye duka. Yeye anauza kazi ya kugawanya, na kazi ina malipo. Ninachosema ni kwamba malipo hayo yanatozwa kwa yule yule ambaye hawezi kuyamudu, na yanatozwa kila jioni ya maisha yake. Mwenye mshahara mzuri anayebeba kilo 25 za mchele kutoka duka la jumla analipa bei ndogo kwa kila kibaba kuliko mjane anayenunua kibaba kimoja. Kwa hivyo umaskini una bei yake, na ndiyo bei ya kwanza ambayo mtu akipata nafuu yoyote anapaswa kuacha kuilipa.

Maji ndiyo yanayolionyesha jambo hili kwa ukali zaidi hapa kwetu. Kaunti yetu inategemea Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, vyote nje ya mipaka yake, na kinachofika hakitoshi. Mfereji ukikauka mtaani, mkokoteni hupita. Hata kwa shilingi 20 kwa mtungi wa lita 20, bei ambayo hupanda maji yakiadimika, mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50, inakufikia kwa shilingi 1,000. Anayelipia bili ya mfereji analipa sehemu ndogo sana ya hiyo. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi kwa muuza maji. Tangi dogo la plastiki, likijazwa zile siku za zamu ya mfereji na likapunguza hata nusu tu ya gharama hiyo, linarudisha 1,500 kila mwezi, na bei yake inarudi ndani ya miezi michache. Sijui kitega uchumi kingine kilicho wazi kwa mtu wa kawaida Mombasa kinachorudisha kwa kasi hiyo. Lakini nani amewahi kumsikia mshauri wa fedha akilitaja tangi la maji?

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu ni la kweli: mpangaji hana pa kuliweka. Vyumba vya ploti ni vidogo, uwanja ni wa mwenye nyumba, na mfereji ni mmoja kwa familia kumi. Ndiyo maana jambo hili halifai kufikiriwa kwa mtu mmoja mmoja. Wapangaji wa ploti moja wakichanga, wakazungumza na mwenye nyumba kwa heshima, tangi la wote linawezekana, na mara nyingi yeye mwenyewe huona faida ya kuwa na wapangaji wasiohama kwa ajili ya maji. Umeme nao una mambo yake hapo hapo. Katika mpango wa bei wa 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa kiwango cha chini kabisa. Familia tatu zenye matumizi madogo zikiunganishwa kwenye mita moja huonekana kama mtumiaji mmoja mkubwa, na nafuu iliyowekwa kwa ajili yao inawapita. Kuomba mita yako mwenyewe ni usumbufu wa mara moja. Kulipa kiwango cha juu ni kwa kila mwezi.

Kununua pamoja ndilo somo ambalo Mombasa tungeweza kulishika kwa urahisi kuliko miji mingine, kwa kuwa soko la jumla la Kongowea liko mlangoni. Kina mama wanne wakiamka mapema wakachukua gunia la viazi, debe la vitunguu na gunia la makaa, wakagawana barazani, wamenunua kwa bei ambayo muuza genge wao ananunua. Wapo wanaofanya hivyo tayari, hasa kabla ya Ramadhani, ambapo wanachanga kidogo kidogo mapema ili mchele, sukari, unga wa ngano na tende viwe ndani kabla Shaaban haijaisha na bei hazijapanda. Nawaheshimu sana kina mama hao. Kile wanachokifanya kwa mwezi mmoja mtukufu kinaweza kufanywa mwaka mzima, na chama ambacho leo kinazungusha pesa taslimu kinaweza kuzungusha magunia.

Sitaki kuficha matatizo yake. Joto na unyevu wa pwani haviweki kitu. Unga huingia wadudu, vitunguu huota, nyanya hazimalizi siku tatu, na panya wa Majengo hawahitaji kuelezwa. Basi kinachonunuliwa kwa wingi kiwe kikavu na kiwe na chombo chenye kifuniko, na cha kuoza kiendelee kununuliwa kidogo. Tatizo gumu zaidi ni la ndani ya nyumba: chakula kikionekana kingi, mkono wa mpishi huwa mwepesi, na wageni huongezeka. Kuna nyumba zilizonunua mchele wa mwezi ukaisha kwa wiki mbili na nusu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya zamani, ya bibi kupima kwa kibaba chake kila siku kabla ya kuosha mchele, na kibaba hicho kisibadilike gunia likiwa limejaa au limebaki nusu. Anayepika lazima awe ndiye aliyekubaliana na mpango. Mume akiamua peke yake habari za gunia, litamshinda.

Baada ya jikoni, au pamoja nalo, kuna mkopo wa simu. Hapa nasema kwa ukali kwa sababu naona vijana wazuri wanaochapa kazi wakimalizwa nao. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilianza Novemba 2012, na ada yake ya mkopo ikawa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu husikia asilimia saba na nusu akaona ni kidogo. Mkopo wa shilingi 5,000 unamtoa 375. Akiulipa akaukopa tena siku ile ile, kama wengi wanavyofanya, mwaka ukiisha amelipa 4,500 kwa ajili ya elfu tano ambazo hazikuwahi kuongezeka hata shilingi. Sasa linganisha na Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kiwango cha kawaida katika vyama vingi. Elfu tano hizo zikilipwa kwa miezi 12 sawasawa, riba yote ya mwaka ni shilingi 325. Mwaka mzima wa Sacco ni nafuu kuliko mwezi mmoja wa simu. Fuliza nayo, ile inayokujazia salio la M-Pesa lisipotosha, tangu 2019 inafanya kitu kinachofanana kwa njia ya polepole: asilimia 1 ya kuanzia, kisha ada ya kila siku deni linapolala. Imekuwa rahisi mno kiasi kwamba mtu hajui tena kama pesa aliyonunulia mahamri asubuhi ilikuwa yake.

Wanaokopa hivyo si wapumbavu. Mtoto ana homa usiku, mwajiri amechelewesha mshahara, simu iko mkononi. Ndiyo maana kando ya ile akiba ya kwanza zinapaswa pia kuwekwa elfu mbili tatu nyingine zisizoguswa kwa chochote ila dharura ya namna hiyo, hata kama hazizai faida. Faida yake ni ile ada ambayo hutalipa. Na kama una madeni mengi, lipa ya simu kwanza, kisha ndiyo uje kwenye daftari la mwenye duka. Deni la duka lina aibu zaidi lakini halizai, na mwenye duka ni jirani ambaye mtu anaweza kumwendea akamwambia, "Bwana, nipe mpaka Ijumaa."

Kuna jambo la Mombasa lenyewe ambalo bajeti za kuchapishwa hazilijui, nalo ni msimu. Bajeti hizo zimeandikwa kwa mtu anayepokea kiasi kile kile kila tarehe 30. Hapa, mfanyakazi wa hoteli ya Nyali au Bamburi ana Agosti na Desemba, halafu ana Aprili mpaka Juni, masika yanaponyesha na hoteli zinapopunguza watu. Mvuvi ana kaskazi na kusi. Mwendesha tuktuk huhesabu likizo za shule. Hata bandari, ambayo wazee wetu waliiona kama mwamba, imetufundisha: mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya kutoka nje ipelekwe Nairobi kwa reli ya SGR, walioumia hawakuwa wenye malori peke yao. Waliumia madereva, utingo, mafundi wa magari, na kina mama wa vibanda vya chakula Changamwe na Miritini, mpaka utaratibu wa kutolea mizigo ukarudishwa Mombasa mwaka 2022. Katikati ya hapo mwaka 2020 hoteli zikafunga milango.

Kwa mtu wa kipato cha msimu, kipimo cha matumizi mazuri ni mwaka. Mwezi mzuri si wake wote; sehemu yake ni ya mwezi mbaya unaokuja. Na njia bora ya kuilinda sehemu hiyo, kwa maoni yangu, ni kuilipia mbele. Desemba ikiwa nzuri, lipa kodi ya Januari, Februari na Machi, uchukue risiti. Lipa karo ya muhula. Pesa iliyo kwenye simu inaombwa na binamu, inaitwa na sherehe, inashawishiwa na mwisho wa mwaka. Pesa iliyokwisha kuwa kodi ya Machi haiombeki. Tena mwenye nyumba aliyelipwa miezi mitatu kwa mkupuo mara nyingi anakubali kupunguza kidogo, au angalau kutengeneza lile paa linalovuja. Nimeona wahudumu wa hoteli wakivuka masika kwa utulivu kwa njia hii, bila mkopo hata mmoja, na wenzao wa zamu ile ile wakirudi Julai wakiwa na madeni ya kumaliza mpaka Septemba.

Nisipotaja muguka, yale majani ya kutafuna, na kubeti nitakuwa nimewakwepa vijana. Kijana anayetumia shilingi 100 kwa siku kwa muguka ametumia 36,500 kwa mwaka, kiasi ambacho kingemnunulia vifaa vya ufundi. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa katika kaunti, na mahakama ikasimamisha agizo hilo. Mabishano ya kisheria yana wenyewe. Maskani hakuna haja ya kusubiri hukumu. Kubeti ni kubaya zaidi kwa sababu hujivika vazi la kutafuta maisha: mchezo umepangwa ili wachezaji kwa jumla wapoteze, na yule aliyeshinda wiki iliyopita anasimuliwa mtaa mzima ilhali waliopoteza hawasimulii.

Matumizi yanayonipa shida kuyapima ni ya harusi na misiba, na hapa sitakubaliana na wanaosema tuyakate yote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayechangia matanga ya jirani, anayepeleka sukari kwenye hitima, anayekwenda na bahasha kwenye harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake, anaweka akiba ambayo haiandikwi popote. Siku ikimfika yeye, watu watajaa. Nimeona familia zisizo na bima wala hesabu ya benki zikimzika mzee wao kwa heshima bila deni, kwa sababu mzee huyo aliwazika wengi. Mtu anayeacha kuchangia misiba ili ajenge utajiri ameuza ukuta mmoja wa nyumba yake.

Ninachokitofautisha ni mchango na maonyesho. Sare mpya ya kila shughuli, moja ya kutia hina, moja ya kesha, moja ya kupamba, na kila moja haivaliwi tena kwa kuwa picha zimeshaonekana. Jukwaa la kukodi linalogharimu kuliko mahari. Mkopo wa harusi ambao bibi na bwana harusi wanaanza kuulipa kabla hawajanunua godoro. Dini imetukataza israfu upande mmoja na ubakhili upande wa pili, na waliotulea Mji wa Kale walilijua hilo bila kufundishwa uchumi: harusi zilikuwa na watu wengi, pilau ya kushiba, na leso zilizovaliwa miaka. Shangazi wa ukoo wana uwezo kuliko mtu yeyote wa kulirekebisha hili. Wakikaa wakaamua kwamba ukoo wetu utakuwa na sare moja kwa harusi, na anayetaka avae dera lake la Idi, hakuna msichana atakayeona haya. Uamuzi mmoja wa shangazi watatu unaokoa pesa nyingi kuliko semina kumi.

Jikoni likishatulia na madeni ya simu yakiisha, ndipo pesa zianze kuitwa mtaji. Kabla ya hapo, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shilingi 30 linatosha: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Miezi miwili ya kuandika kwa ukweli itakuonyesha matundu yako wewe mwenyewe, ambayo huenda si haya niliyoyataja.

Sacco ni mlango mzuri wa kwanza kwa sababu inakulazimisha kuweka na kwa kawaida inakukopesha mpaka mara tatu ya ulichoweka. Hakikisha inasimamiwa na SASRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia Sacco, hudhuria mkutano wa mwaka, uliza maswali. Ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa vyama hivyo, ulifichua upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13, na hayo ni matokeo ya wanachama na wasimamizi kuamini bila kuuliza. Mwenye kuweza zaidi ana bondi za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Mwaka 2017 M-Akiba ilijaribu kuzishusha mpaka shilingi 3,000 kwa simu. Leo kuna DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu wa kununulia bondi, ulioanza 2023, ambapo kima cha chini cha bondi za kawaida ni 50,000. Bondi ya kiasi hicho yenye riba ya asilimia 12, kwa mfano, ingelipa 6,000 kwa mwaka kwa mafungu mawili, na baada ya kodi ya asilimia 10 ya bondi za muda mrefu ingebaki 5,400. Haitajirishi mtu mara moja. Inapendeza kwa sababu haiombeki kwa urahisi, na faida yake ikirudishwa ndani huanza kuzaa yenyewe.

Wengi wetu hapa hatuli riba, na jambo hilo limewafanya baadhi yetu kuweka pesa chini ya godoro, ambako mfumuko wa bei unazila mwaka baada ya mwaka. Haikupasa kuwa hivyo. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia kikamilifu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Njia nyingine ni ile ya babu zetu, ushirika wa biashara: watu watano waliojuana kwa miaka wananunua tuktuk au mashua kwa mkataba ulioandikwa na shahidi, wanagawana faida na hasara. Kilichowaangusha wengi katika ushirika ni kuona aibu kuandika. Andikeni, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.

Halafu ardhi, ambako ndiko akiba ya maisha ya Mombasa inakoishia, na ndiko naogopa zaidi. Mji huu una kitu ambacho mgeni wa bara hukielewa kwa shida: nyumba bila ardhi. Mtu amejenga nyumba ya vyumba sita Majengo au Kisauni, ameipangisha, amesomesha watoto kwayo, lakini kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ukanda wa pwani wajitokeze kuyasajili. Wengi hawakujua au hawakuweza, na kisichodaiwa kikawa cha serikali. Vizazi vimejenga juu ya makubaliano ya mdomo. Siku shamba likibadilisha mikono, nyumba iliyojengwa kwa miaka ishirini ya kujinyima inaweza kuitwa kizuizi. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilisumbua maelfu ya familia kwa miaka mingi mpaka hati zikaanza kutolewa mwaka 2016, na hata hapo kwa masharti ya malipo.

Kwa hivyo anayeanza leo, asiweke tofali moja kabla hajapekua hati katika ofisi ya ardhi na kuonana na wakili, wala asikubali kuharakishwa na dalali anayedai kuna mnunuzi mwingine njiani. Na aliyekwisha kujenga kwenye kiwanja cha mwingine asikae kimya akitumaini mema. Majirani wa shamba moja wajiandikishe kama kikundi, waanze kuchanga, wamwendee mwenye ardhi au warithi wake pamoja na wakili wakati bei bado inazungumzika, wanunue kwa jina la kikundi kisha wagawane hati, kabla shamba halijauzwa kwa mtu wa tatu ambaye hana habari nao.